Breki Kwanza, Mzigo Baadaye

Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80 za maji. Kwenye miteremko ya Mbooni au Mutito, Black Mamba yenye mzigo huo hutegemea raba ndogo zinazobana rimu. Raba ikiisha, au maji yakimwagikia rimu, haisimami.

Vijana wametuuliza: tuweke breki za diski za mafuta? Zina nguvu kweli, lakini zinataka habu na foku za kufungia diski, na mafuta yakivuja, breki imekufa.

Sisi tunashauri hivi: kwanza badilisheni raba, kazeni nati, futeni rimu. Mkinunua mpya, muulizeni fundi wa sokoni kama vipuri vipo. Na mteremko ukiwa mkali, shukeni muikokote. Maji huchotwa tena, mtu je?