Giannis kwenda Knicks: Piga hesabu kwanza kabla hujashangilia

Bila shaka umeiona hiyo picha. Giannis Antetokounmpo amevishwa jezi ya New York Knicks, ile ya buluu na chungwa, ametoa macho kama kawaida yake, na chini yake kuna maandishi kwamba mambo yameiva. Picha imetengenezwa kwa kompyuta. Hakuna karatasi iliyosainiwa na hakuna mtu aliyepanda ndege.

Lakini tetesi yenyewe haikuokotwa jalalani. Mwanzoni mwa Oktoba 2025, ESPN iliripoti kwamba Milwaukee Bucks na Knicks walizungumza mwezi Agosti kuhusu nyota huyo, na kwamba nje ya Milwaukee, New York ndiko pekee alikotaka kwenda. Mazungumzo yakafa. Upande wa Bucks ukanong'ona kwamba ofa ya Knicks haikuwa na uzito. Upande wa Knicks nao ukanong'ona kwamba Bucks hawakuwa na nia ya kuuza.

Wewe uliyewahi kununua viatu Gikomba unaijua hiyo lugha. Muuzaji anasema umempa bei ya kumkosea heshima, nawe unaondoka ukisema hakutaka kuuza. Kwa kawaida maana yake ni moja: bidhaa inauzwa, bei ndiyo haijapatikana.

Basi tuulize swali ambalo wanaosambaza hizo picha hawaulizi. Bei ya haki ni ipi?

Kama umezoea soka ya Uingereza, sahau pauni kwanza. Huku klabu haimnunui nyota kwa kutoa hundi. Ligi ya NBA ina ukomo wa mishahara, na msimu wa 2025-26 ukomo huo uliwekwa kuwa takriban dola milioni 154.6. Unaruhusiwa kuupita, lakini juu yake kuna mistari miwili zaidi ambayo mashabiki huiita aproni. Ukivuka aproni ya kwanza, huruhusiwi kupokea mishahara inayozidi ile unayotoa. Ukivuka ya pili, hata kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili umpate mmoja mkubwa ni marufuku. Kwa hivyo kila mazungumzo huanza na swali la kikarani kabisa: nani analipwa kiasi kinachokaribiana na cha huyu tunayemtaka?

Mshahara wa Giannis wa msimu wa 2025-26 ni takriban dola milioni 54.1. Pale New York kuna mtu mmoja tu anayekaribia hapo, naye ni Karl-Anthony Towns, dola milioni 53.1. Ndiyo maana jina la Towns linarudi kila mara tetesi hii inapozuka. Ni kwa sababu ya hesabu tu, hakuna aliyemchukia.

Tofauti ni kama dola milioni moja. Kwako na kwangu hiyo ni pesa ya kubadilisha ukoo mzima, kwao ni chenji. Lakini kwa kuwa Knicks tayari wamepita aproni ya kwanza, hiyo chenji inawalazimu waongeze mchezaji mwingine mdogo kwenye kifurushi. Sawa, hilo linawezekana. Ugumu uko kwingine.

Hebu kwanza tuwaweke hawa wawili kwenye mizani. Msimu wa 2024-25 Giannis alikuwa na wastani wa alama 30.4, ribaundi 11.9 na asisti 6.5 kwa mechi. Towns alikuwa na alama 24.4 na ribaundi 12.8, na alikuwa akifunga asilimia 42 ya mitupo yake ya alama tatu, jambo ambalo maseneta wengi wa ligi hiyo, samahani, masenta wengi, wanaliota tu. Kwa umri wanapishana chini ya mwaka mmoja. Giannis alitimiza miaka 31 Desemba 2025, Towns alitimiza 30 mwezi mmoja tu kabla yake.

Ukitazama karatasi hiyo peke yake unaweza kusema pengo si kubwa sana. Usidanganyike. Giannis ana tuzo mbili za MVP, 2019 na 2020. Mwaka 2021, usiku ambao Bucks walichukua taji lao la kwanza tangu 1971, alifunga alama 50 dhidi ya Phoenix Suns. Halafu analinda. Towns hujitahidi kulinda, na tuishie hapo. Kwenye mchujo, timu pinzani humtafuta Towns kila shambulizi kama makanga anayemtafuta abiria ambaye hajalipa.

Kwa hivyo Towns peke yake hatoshi. Hapo ndipo sarafu ya pili ya NBA inapoingia: drafti, ile zamu ya kuchagua chipukizi kila kiangazi. Timu inayouza nyota huomba zamu za raundi ya kwanza za miaka ijayo, ikitumaini kwamba mnunuzi ataporomoka siku moja na zamu hizo ziwe dhahabu.

Na hapo Knicks wako vibaya. Mwaka 2024 walimchukua Mikal Bridges kutoka Brooklyn Nets kwa zamu 5 za raundi ya kwanza, nne zikiwa zao wenyewe: za 2025, 2027, 2029 na 2031. Angalia hiyo miaka vizuri. Sheria ya ligi inakataza timu kukaa miaka miwili mfululizo ijayo bila zamu ya raundi ya kwanza. Kwa sababu wameshatoa 2027, 2029 na 2031, hawawezi kutoa 2026, 2028 wala 2030. Wamefungwa kama ngazi iliyokatwa kila kidato cha pili. Kilichobaki cha maana ni haki za kubadilishana zamu katika baadhi ya miaka, yaani kumwambia Milwaukee, "zamu yetu ikiwa bora kuliko yenu, chukueni." Si bure, lakini nani atamwachia Giannis kwa hilo?

Sasa tuangalie soko limekuwa likilipa nini, maana bei ya kitu ni kile jirani alicholipa juzi.

Mwaka 2022 Minnesota walitoa zamu 4 za raundi ya kwanza, haki ya kubadilishana zamu moja na kikosi kizima cha wachezaji ili wampate Rudy Gobert, senta ambaye hata mashabiki wake hawatasema ni Giannis. Watu walicheka. Timu hiyo ikafika fainali za Ukanda wa Magharibi 2024 na 2025, na kicheko kikapungua. Februari 2023 Phoenix walitoa Bridges huyo huyo, Cam Johnson, zamu 4 za raundi ya kwanza na ubadilishanaji mmoja ili wampate Kevin Durant. Hawakufika hata fainali za ukanda. Msimu wa 2024-25 walikosa mchujo kabisa, na kiangazi wakamuuza Durant kwa Houston kwa bei ya chini sana kuliko waliyonunulia.

Halafu kuna ile ya Luka Dončić. Februari 2025 Dallas walimpeleka Lakers, akiwa na miaka 25, wakapokea Anthony Davis, Max Christie na zamu moja tu ya raundi ya kwanza. Moja! Kwa nini Gobert alileta nne na Luka akaleta moja? Kwa sababu Dallas walizungumza na mnunuzi mmoja gizani, hawakupeleka bidhaa sokoni. Wengi hawapimi hili: thamani ya mchezaji haitoki kwenye alama zake pekee, inategemea pia ni wangapi wamepanga foleni mlangoni.

Na sasa rudi kwenye tetesi yetu. Kama kweli Giannis anataka New York pekee, foleni hiyo ina mtu mmoja. Mkataba wake unampa haki ya kuondoka kiangazi cha 2027, kwa hivyo timu nyingine yoyote itakayomwaga mali yake yote inajua anaweza kukaa muda mfupi kisha aage. Hilo linashusha bei. Kwa hivyo yule aliyevujisha habari kwamba nyota anataka kwenda mahali pamoja tu, aliisaidia New York, awe alikusudia au la. Ukisoma tetesi yoyote ya NBA, jiulize kwanza inamshushia nani bei.

Milwaukee wana sababu ya kuogopa. Wametolewa raundi ya kwanza ya mchujo miaka mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025. Damian Lillard, waliyemleta 2023 ili kumtuliza Giannis, aliumia kano ya kisigino Aprili 2025. Mwezi Julai wakamwachilia na kuitawanya pesa iliyobaki kwenye mkataba wake, takriban dola milioni 113, kwa miaka mitano. Yaani kila mwaka zaidi ya dola milioni 22 za ukomo wao zinaenda kwa mtu asiyewachezea. Walifanya hivyo ili wapate nafasi ya kumsajili Myles Turner kutoka Indiana. Ni uamuzi wa timu inayosema bado tunapigana. Au ya timu iliyobanwa ukutani, wewe chagua.

Unaweza kusema: si wauze tu, wapoteze mechi, wachague chipukizi wazuri, waanze upya? Hapa ndipo kuna shida nisiyoona ikitajwa kwenye hizo picha. Ili wampate Lillard, Bucks waliipa Portland zamu yao ya 2029, pamoja na haki ya kubadilishana zamu za 2028 na 2030. Giannis akiondoka leo na timu ikawa mbovu miaka hiyo, atakayevuna ni Portland. Milwaukee watakuwa wanalima shamba ambalo mazao yake yameshauzwa.

Kwa hivyo, ukiniuliza mimi, kitu chenye thamani kubwa zaidi kwa Bucks katika biashara yoyote ya Giannis ni kurudishiwa zamu zao wenyewe, kuliko hata Towns au zamu za New York. Anayezishika ni Portland. Ndiyo maana ofa ya Knicks ikija tena, isome ukitafuta timu ya tatu ndani yake. Kama haipo, ni Towns na matumaini, na hapo Bucks wakikataa si ukaidi.

Kwa upande wa Knicks je? Hapa nakiri moyo unasita kidogo. Msimu wa 2024-25 walifika fainali za Ukanda wa Mashariki kwa mara ya kwanza tangu 2000. Hadi msimu huo hawakuwa wamechukua taji tangu 1973. Na ukanda uko wazi: Jayson Tatum wa Boston aliumia kano ya kisigino Mei 2025, Tyrese Haliburton wa Indiana akaumia vivyo hivyo Juni, kwenye mechi ya saba ya fainali. Dirisha kama hili halifunguki kila mwaka.

Lakini fikiria uwanjani. Towns anapokaa mbali na kikapu, senta mpinzani hulazimika kumfuata, na Jalen Brunson anapata barabara ya kupenya. Mtoe Towns, muingize Giannis, ambaye hupenda kuingia palepale Brunson anapoingia. Mpe na Mitchell Robinson ambaye harushi kutoka mbali. Hapo chini ya kikapu patajaa kama stejini saa kumi na mbili jioni mvua ikinyesha. Bado ningemchukua. Mchezaji wa kiwango chake hutatua matatizo mengi kuliko anayoleta. Ila kama bei ni Towns pamoja na OG Anunoby, ningeinuka mezani, kwa sababu Anunoby ndiye anayefunika madhaifu ya wengine wote.

Kuna mfano mmoja unaopaswa kuwakosesha usingizi pande zote mbili. Julai 2019 Clippers walimtaka Paul George kwa udi na uvumba. Waliipa Oklahoma City zamu 5 za raundi ya kwanza, haki mbili za kubadilishana, Danilo Gallinari, na kijana mmoja mwembamba aliyekuwa amecheza msimu mmoja tu, Shai Gilgeous-Alexander. Zamu moja kati ya hizo ikaja kuwa Jalen Williams mwaka 2022. George aliondoka Clippers 2024 bila wao kupata chochote. Juni 2025 Oklahoma City walikuwa mabingwa, Shai akiwa MVP wa msimu na wa fainali. Siku biashara ile ilipotangazwa, shangwe zote zilikuwa Los Angeles.

Na Giannis mwenyewe? Huyu ni mtoto wa wazazi kutoka Nigeria aliyekuwa akichuuza saa na miwani kwenye mitaa ya Athens, akachaguliwa wa 15 mwaka 2013 na mji ambao wengi wetu tusingeujua kama si yeye. Kabla ya msimu alisema amejitolea kwa Bucks, lakini pia hakuficha kwamba miezi michache ijayo anaweza kubadilisha mawazo. Hana deni na Milwaukee, alishalipa 2021. Ila miguu yake ina kilomita nyingi: 2023 mgongo ulimsumbua kwenye mchujo, 2024 alikosa mchujo wote kwa jeraha. Akikosea sasa, hakuna muda wa kurekebisha.

Kama una mkeka mfukoni, jua kwamba kampuni za kamari hubadilisha bei mara tu tetesi inapotoka. Ukiweka pesa leo kwa Knicks kwa sababu ya ile picha, umeshanunua kwa bei ya Giannis huku uwanjani bado yuko Towns.

Tarehe ya kwanza ya kuangalia ni Desemba 15, siku ambayo wachezaji wengi waliosajiliwa kiangazi wanaanza kuruhusiwa kubadilishwa na simu zinaanza kulia kweli. Baada ya hapo ni makataa ya Februari. Mpaka wakati huo, tazama msimamo wa Bucks kuliko unavyotazama akaunti za tetesi. Wakishinda, hakuna biashara. Wakiporomoka hadi nafasi ya kumi hivi, Knicks watapiga simu tena, na safari hii sikiliza kama Portland imetajwa. Mechi za New York nyumbani huanza saa tisa na nusu usiku kwa saa zetu, za Milwaukee mara nyingi saa kumi alfajiri.