Filamu za Ngorongoro: wanyama tunawaona, watu wako wapi?

Likizo za shule zinapoingia, jioni za nyumba zetu huwa ndefu. Chakula kimekwisha, sala ya Isha imeswaliwa, watoto hawana kazi za shule, na mahali palipokuwa pa hadithi za bibi sasa pamekaa runinga au simu. Kuizima ni rahisi kusema kuliko kutenda. Aghalabu lililo bora ni mzazi kuketi na watoto, kutazama wanachotazama, kisha kuzungumza nao.

Wiki hii basi tumeona tusemezane juu ya filamu tulizozitazama siku za karibuni, kongwe na mpya, na hasa zile zinazohusu ardhi ya Karatu na Ngorongoro. Hatuandiki kama wahakiki wenye vyeo. Tunasema tulivyoona, kama jamaa wanavyosema wakiwa mkekani, na msomaji ana haki ya kutupinga.

Tuanze na ile kongwe. “Hatari!” ilitoka mwaka 1962, mwongozaji wake akiwa Mmarekani Howard Hawks na mwigizaji mkuu John Wayne. Ilipigwa hapa Tanganyika kabla ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961: Momella, Arusha mjini na Ngorongoro. Hadithi yake ni nyepesi. Kundi la wageni linakamata wanyama hai ili wauzwe kwenye bustani za wanyama ng’ambo. Wanawafukuza twiga, nyati na faru kwa magari, mmoja akiwa amekaa mbele ya gari na kitanzi mkononi.

Kinachowashangaza watoto wa leo ni kuwa hakuna lililotengenezwa kwa kompyuta. Faru anayeligonga gari ni faru kweli, na vumbi ni vumbi letu. Wadogo wanacheka mno wakiwaona watoto watatu wa tembo wakimfuata mwanamke mmoja kila aendako, mpaka wanamkimbiza katika mitaa ya Arusha. Wakubwa wanafurahi kuuona mji ule ulivyokuwa enzi hizo. Hata hivyo tunawatahadharisha wazazi: filamu inazidi saa mbili na nusu, na wahusika wake jioni huketi na pombe. Ni vizuri mzazi aitazame kwanza peke yake.

Lakini lililotukaa moyoni ni jingine. Jina la filamu ni la Kiswahili, na ardhi ni ya watu wanaojulikana, ila wenye ardhi hawana neno la maana la kusema. Wanashika kamba, wanahudumu nyumbani, wanacheza ngoma, kisha wanaondoka kwenye picha. Mtoto aliyezaliwa Karatu anaitazama saa mbili na nusu bila kumwona mtu wa kwao ambaye angetamani kuwa kama yeye.

Ya pili ni ya Kijerumani, “Serengeti darf nicht sterben”, yaani Serengeti haipaswi kufa. Ilitengenezwa na Bernhard Grzimek pamoja na mwanawe Michael. Walikuja na ndege ndogo iliyopakwa mistari kama punda milia, wakaruka juu ya nyika kuwahesabu wanyama na kuzifuata njia za nyumbu. Tarehe 10 Januari 1959 ndege ile iligongana na tumbusi ikaanguka, na Michael akafariki akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Baba aliimaliza kazi peke yake, filamu ikatoka mwaka huohuo, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar kwa filamu za kumbukumbu. Baba alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa yakawekwa kando ya mwanawe. Mnara wao upo hadi leo, na wanaopita kwenda Serengeti huuona.

Hapana mzazi atakayeijua habari hiyo asihuzunike. Tena hapana shaka kuwa filamu ile iliwafanya watu wa mbali waipende na kuilinda nyika yetu. Tunalishukuru hilo. Hata hivyo upendo wake ulikuwa na sharti: nyika ibaki ya wanyama, isiwe na watu. Wakati huohuo Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti walikuwa wakihamishwa, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo ambamo wanyamapori na wafugaji wangeishi pamoja. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta yenyewe wakatolewa. Sasa mtoto anapoona nyika tupu kwenye kioo, afahamishwe kuwa utupu ule haukuumbwa hivyo. Una historia yake.

Tena ni ajabu kuwa kamera imechangia hata katika kufumbua habari za binadamu wa kale katika ardhi hiihii. Mwaka 1959 Louis na Mary Leakey walikuwa Olduvai wakimsubiri mpiga picha afike, wasianze kuchimba bila yeye. Katika kusubiri huko, tarehe 17 Julai, Mary alitoka kutembea na kuona mifupa ikichomoza ardhini. Lilikuwa fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus. Basi ardhi inayooneshwa kama makao ya wanyama tu ndiyo hiyohiyo ambayo dunia nzima inakuja kutafuta habari za wanadamu.

Tuwekee hapa filamu isiyo ya Ngorongoro, kwani nyumba nyingi za Waislamu zinaifahamu na huitazama hasa Ramadhani. Ni “Ar-Risala” ya Moustapha Akkad, ya mwaka 1976. Ilipigwa mara mbili kwa lugha mbili: katika ile ya Kiingereza Hamza aliigizwa na Anthony Quinn, na katika ya Kiarabu na Abdullah Gaith. Bilal wa ile ya Kiingereza ni Johnny Sekka, mtu wa Afrika Magharibi, na anapopanda juu ya Al-Kaaba kuadhini watoto wetu hunyamaza wote.

Tumeitaja kwa sababu moja. Katika filamu nzima Mtume, rehema na amani zimshukie, haonekani wala sauti yake haisikiki, lakini kila anayetazama anajua kuwa habari yote ni yake. Wengine wanamtazama, wanamsikiliza, wanabadilika kwa ajili yake. Huko ni kutoonekana kwa heshima. Katika “Hatari!” na katika ile ya Kijerumani, mtu wa Ngorongoro haonekani kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Watoto wafundishwe kuzitofautisha hali hizi mbili. Asiyeoneshwa kwa kutukuzwa yu mbali kabisa na asiyeoneshwa kwa kusahauliwa.

Ya mwisho ni mpya, “Tanzania: The Royal Tour”. Ilizinduliwa New York tarehe 18 Aprili 2022, na tarehe 28 mwezi huo ikaoneshwa Arusha, tukiwa bado katika Ramadhani. Safari hii mwenyeji ndiye anayeongoza. Rais Samia Suluhu Hassan, amejistiri kwa mavazi yake ya kila siku, anamtembeza mwandishi wa Marekani Peter Greenberg kutoka Zanzibar hadi Serengeti na Ngorongoro, na mara nyingine anashika usukani mwenyewe. Tumewaona mabinti wakinyoosha migongo yao wakimtazama. Hilo peke yake lina thamani.

Haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Filamu ile ni ya kuita wageni, na mwenye kuita wageni hufagia uwanja kwanza. Mwaka huohuo wa 2022 familia kutoka Ngorongoro zilianza kuhamia Msomera, wilayani Handeni. Serikali ilieleza kuwa wanahama kwa hiari na kwa ajili ya kuinusuru hifadhi. Wapo wenyeji na watetezi wa haki waliopinga maelezo hayo. Shauri hilo haliamuliwi katika ukurasa wa familia. Tunachosema ni kuwa wageni wanaovutwa na picha wanaleta riziki Karatu: kwa dereva, kwa mpishi wa hoteli, kwa muuza mboga, kwa mkulima wa vitunguu wa Mang’ola. Basi picha ina uzito katika maisha ya watu, na ndiyo maana yafaa kuuliza nani yumo na nani hayumo.

Tunapendekeza mambo mawili kwa wazazi. La kwanza, filamu inapokwisha msiinuke mara moja. Waulizeni watoto maswali matatu: Nani amezungumza sana? Nani yupo lakini hakuulizwa kitu? Kwa nini ilitengenezwa, na nani anafaidika? Mtoto wa miaka kumi anaweza kuyajibu, na akizoea atauliza hivyohivyo kwa kila kipande cha video kinachoingia kwenye simu. Tumefundishwa kuwa jicho lina adabu yake. Katika adabu hiyo imo kuacha kutazama lisilofaa, na imo pia kutazama linalofaa kwa akili iliyo macho.

La pili linahitaji kazi zaidi. Karatu ina wazee wa Kiiraqw, Kidatoga, Kihadzabe na Kimaasai, na wengine waliohamia kwa biashara na kilimo. Wapo walioyaona magari ya wapiga filamu yakipita, na wapo waliohamishwa kreta wakiwa vijana. Karibu kila nyumba sasa ina simu yenye kamera. Mtoto amkalishe babu au bibi kivulini, aombe ruhusa yake, amuulize alizaliwa wapi, ng’ombe walinyweshwa wapi, na nani alikuwa jirani yake, kisha amwache aseme bila kumkatiza. Picha itatikisika na upepo utaingia kwenye sauti. Si neno. Wazee hao wanaondoka mmoja mmoja, na mwaka hadi mwaka wanaobaki kuulizwa ni wachache.