Pikipiki Ikivunjika, Ilikuwa na Thamani Gani?

Huku kwetu bara, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, pikipiki si chombo cha anasa. Ni unga wa jioni, ni karo ya watoto. Vijana wengi wameinunua kwa mkopo wa benki au wa chama, na mwenye mkopo hangoji. Kwa hivyo ikigongwa na lori kule Magongo, au ikiteleza mvua ikinyesha pale Mtongwe, swali la kwanza baada ya kumshukuru Mungu kwa uhai ni hili: bima italipa ngapi?

Tumeona watu wakivunjika moyo hapa. Mtu ameweka hesabu yake kichwani, kampuni inamletea hesabu nyingine, naye anasema ameibiwa. Mara nyingine kweli ameonewa. Mara nyingine hakuelewa tu hesabu inavyofanywa. Leo tuielezee.

BIMA YAKO NI IPI?

Tazama kwanza hati yako. Wengi wetu tuna ile ya thadi pati, kwa sababu ni rahisi na ndiyo sheria inayotulazimisha kuwa nayo. Hiyo ni ya kumlipa mtu mwingine uliyemuumiza. Pikipiki yako mwenyewe haimo. Ukianguka peke yako, gharama ni yako.

Bima kamili, ile tunayoiita komprehensivu, ndiyo inayolipa chombo chako. Lakini ikiwa aliyekosa ni dereva mwingine, hata wewe mwenye thadi pati unaweza kudai kutoka kwake na kwa kampuni yake. Akikataa, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai ya uharibifu wa mali yasiyozidi shilingi milioni 1, na si lazima uwe na wakili.

BEI YA SAA ILE KABLA YA AJALI

Hapa ndipo wengi hukosea. Bima kamili hairudishi bei uliyonunulia, wala deni lililobaki. Inatazama pikipiki ile ingeuzwa kwa bei gani sokoni saa ile kabla ya kugongwa, ikiwa na umri wake na uchakavu wake.

Tuseme ulinunua pikipiki mpya kwa shilingi 160,000, na miaka miwili imepita. Pikipiki za aina hiyo, za mwaka huo na hali hiyo, zinauzwa 100,000. Basi thamani yake ni 100,000. Hata kama hati imeandikwa 160,000, hupati zaidi ya thamani ya kweli. Umelipa ada ya bure tu.

Kuandika kidogo ili upunguziwe ada nako kuna hatari. Hati nyingine zina kifungu cha kupunguza malipo kwa mwenye kukata bima pungufu. Pikipiki ya 100,000 ukiiandika 60,000, na uharibifu ukawa wa 40,000, unaweza kulipwa sehemu 60 kwa mia tu, yaani 24,000.

MKADIRIA HASARA NA MABAKI

Kampuni itatuma mkadiria hasara. Atatazama fremu, injini, foko, rimu, tangi na taa, ataandika gharama ya kutengeneza, kisha atailinganisha na thamani ya pikipiki. Kama kutengeneza kunakaribia thamani yenyewe, atasema imekufa.

Turudi kwa mfano wetu. Thamani ni 100,000, na fundi anataka 85,000. Kampuni inaona afadhali ilipe pikipiki nzima. Kwanza inatoa ile sehemu ambayo hati inasema utaibeba mwenyewe, tuseme 10,000. Inabaki 90,000. Halafu kuna mabaki. Yale mavyuma yana bei, maana injini na spea hununuliwa. Tuseme yanafika 20,000. Ukiiachia kampuni mabaki, unapata 90,000. Ukiyabakisha, unapata 70,000.

Sasa kumbuka mkopo. Mkopeshaji ambaye jina lake liko kwenye logibuku hulipwa kwanza. Ukiwa na deni la 75,000, njia ya kwanza inakuachia 15,000 mkononi. Njia ya pili inakuacha na mavyuma uani na deni la 5,000. Kwa hivyo usiseme ati "nitabaki na injini yangu" kabla ya kupiga hesabu. Pia uliza mabaki yamekadiriwa na nani. Yakiandikwa bei ya juu kuliko soko na wewe ndiye unayeyabakisha, ni wewe unayepunjwa.

VITU ULIVYOONGEZA

Nchi nyingine pikipiki hufungwa kigari cha pembeni. Huku kwetu tuna tuktuk, na tuna pikipiki zilizochomelewa sanduku la mikate au keria kubwa ya kubebea mboga kutoka Kongowea. Vitu hivi vina thamani, lakini mkadiria hafahamu ulilipa ngapi kwa fundi wa jua kali. Kama hukuvitaja ulipokata bima, kampuni inaweza kusema havimo. Vitaje, viandikwe, na umwambie fundi akupe risiti hata ya mkono.

Taja pia kazi. Pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi, kisha ikapatwa ikibeba abiria wa kulipa, inaipa kampuni sababu ya kukataa madai yote.

UFANYE NINI?

1. Piga ripoti polisi mapema, uchukue nambari ya kitabu cha matukio, na baadaye abstrakti.

2. Ijulishe kampuni mara moja, kwa maandishi. Usianze kutengeneza kabla mkadiria hajaiona.

3. Piga picha pande zote hapo hapo, pamoja na kipima mwendo. Pikipiki ikikaa uani kituoni, betri na vioo vinaweza kutoweka, na bila picha huwezi kuonyesha ilikuwa na nini.

4. Tafuta bei tatu za pikipiki kama yako, kutoka kwa wauzaji tofauti, ziandikwe. Hizo ndizo silaha yako.

5. Ukiona hesabu si ya haki, usitie sahihi karatasi ya kumaliza madai. Omba kuona ripoti ya mkadiria, ujibu kwa barua, na ukiweza, lete mkadiria wako. Ikishindikana, peleka malalamiko kwa IRA, mamlaka ya serikali inayosimamia kampuni za bima.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti za sevisi, picha za pikipiki ikiwa nzima na karatasi ya bima, viweke pamoja nyumbani, si chini ya kiti cha pikipiki. Vikundi vya waendesha boda vinaweza kuweka faili moja kwa kila mwanachama. Siku ya ajali mtu ana maumivu na mawazo, hawezi kuanza kutafuta karatasi. Tuziandae leo, chombo kikiwa kizima.