Wakati wa Kushirikisha Wananchi: Asasi za Mazingira na Uidhinishaji wa Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki

Ushirikishwaji wa wananchi katika kuidhinisha miradi mikubwa hupimwa mara nyingi kwa idadi ya mikutano iliyofanyika na majina yaliyoandikwa katika karatasi za mahudhurio. Kipimo hicho hakitoshi. Swali la msingi zaidi ni wananchi waliitwa lini. Makala haya yanafafanua swali hilo kupitia bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 1,147 zimo Tanzania.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 imelizingatia suala la wakati. Kifungu cha 81 kinataka Tathmini ya Athari kwa Mazingira (TAM) ifanyike kabla mradi haujaanza au kugharimiwa. Kifungu cha 178 kinawapa wananchi haki ya kuarifiwa mapema kuhusu uamuzi unaokusudiwa na nafasi zilizopo za kuushiriki. Mantiki yake ni bayana. Mkulima aijuaye chemchemi isiyokauka kiangazi na mfugaji ayajuaye mapito ya mifugo wana maarifa ambayo ramani haina. Maarifa hayo hufaa zaidi pale njia ya bomba ingali inaweza kuhamishwa.

Mfuatano wa matukio ulikuwa tofauti. Uamuzi wa kupitisha bomba Tanzania ulitangazwa Aprili 2016. Mkataba baina ya serikali mbili ulitiwa saini Mei 2017, na jiwe la msingi likawekwa Chongoleani Agosti mwaka huohuo. Cheti cha TAM kilitolewa Tanzania Novemba 2019, na Uganda Desemba 2020. Hii haina maana kwamba tathmini haikuwa na kazi, kwani ilibaki na uwezo wa kuweka masharti kuhusu uvukaji wa mito na ulinzi wa ardhioevu. Hata hivyo, swali la iwapo bomba lijengwe lilikuwa limekwisha kujibiwa.

Katika pengo hilo ndimo zilimoingia asasi za mazingira. Kazi yake katika mapitio ya aina hii ni kuzisoma ripoti nene za kitaalamu, kuzifafanua kwa lugha ya wenyeji, kukusanya ushahidi na, inapobidi, kwenda mahakamani. Lakini asasi haikuchaguliwa na kijiji. Ikisema kwa niaba ya wanakijiji bila kurejea kwao, hurudia kosa lilelile inalolipinga.

Novemba 2020, asasi nne kutoka Uganda, Kenya na Tanzania zilifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki kuupinga mradi huo. Tarehe 29 Novemba 2023, Divisheni ya Awali ya mahakama hiyo ililitupilia mbali shauri bila kuamua hoja za msingi. Sababu ilikuwa muda: Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu, na kwa mtazamo wa mahakama shauri lilipaswa kufunguliwa mwaka 2017.

Hapa ndipo uzito wa suala unapoonekana. Kwa mahakama, muda ulianza kuhesabiwa tangu enzi za mkataba wa serikali, ilhali kwa mwananchi mlango rasmi wa kutoa maoni ni TAM. Aliyesubiri utaratibu huo ukamilike, kama sheria ya mazingira inavyomwelekeza, alikuta muda wa kulalamika umekwisha kabla cheti hata kimoja hakijatolewa.

Samaki mkunje angali mbichi. Ili ushirikishwaji uwe na maana, mikataba ya miradi ya kuvuka mipaka haina budi kuwekwa wazi na kujadiliwa kabla ya kutiwa saini. La sivyo, muda wa kufungua shauri uhesabiwe tangu cheti cha mazingira kinapotolewa. Bila mojawapo ya hatua hizo, mwananchi ataendelea kuitwa kuzungumzia masharti ya uamuzi ambao hakuwahi kuulizwa.