MZEE ANAYEITWA MTOTO

Ndugu wafanyakazi wa mashamba na viwanda,

Jumapili moja baada ya mshahara nilikuwa Magara, kando ya barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, mahali ambapo ziwa liko karibu kiasi cha kusikia wavuvi wakiitana. Chini ya paa la mabati pana meza ya biliadi. Vijana walikuwa wakicheza kwa nguvu, kila mmoja akitaka mpira ulie kuliko wa mwenzake. Mzee mmoja mkata ngazi, mwanachama wetu wa siku nyingi, akaomba fimbo.

Vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee wetu, hiyo si mundu."

Mzee hakujibu. Akainama, akatazama, akapiga polepole. Mpira ukaingia shimoni, na ule mweupe ukasimama pale pale alipoutaka kwa pigo la pili. Katika michezo mitatu alishinda miwili. Wale vijana wakaacha kucheka, wakaanza kutazama.

Alipokuja kuketi karibu nami, uso wake haukuwa wa mshindi. Akanieleza kwamba wiki ile kapita wake alimwambia ajiandae kumwachia kijana nafasi yake, kwa kuwa mwili wake umechoka. Hakupewa barua, wala hakuulizwa neno. Amekata ngazi katika shamba lile zaidi ya miaka 20. Shamba lenyewe sitalitaja, kwa sababu jambo bado linazungumzwa. Akasema, "Mdogo wangu, kwenye meza hii watu wameniangalia. Kule shambani hakuna aliyeniangalia."

Maneno yale yamenifanya niwaandikie habari za mtu mmoja wa mbali, ambaye maisha yake yote ameyapitisha kando ya meza kama ile.

BATA SI NDEGE

Mtu huyo ni Efren Reyes wa nchi ya Ufilipino. Alizaliwa tarehe 26 Agosti 1954 katika jimbo la Pampanga, katika familia ya watu wa kawaida. Alipokuwa na umri wa miaka kama mitano alipelekwa mji mkuu, Manila, kukaa kwa mjomba wake aliyekuwa na nyumba ya kuchezea biliadi. Kazi ya mtoto huyo ilikuwa kuwahudumia wachezaji. Usiku, wateja wakiisha kwenda zao, meza ile ile ndiyo ilikuwa kitanda chake. Alipoanza kucheza hakuifikia meza kwa kimo, akawa anasimama juu ya makreti ya soda.

Jina lake la utani ni Bata. Msicheke, ndugu zangu. Kwetu bata ni ndege wa kufugwa, lakini katika Kitagalog, lugha ya huko Manila, bata maana yake ni mtoto. Aliitwa hivyo ili asichanganywe na mchezaji mwingine mkubwa kwake, naye akiitwa Efren. Jina hilo limemganda. Leo ana zaidi ya miaka 70, na watu wazima wenye wajukuu bado wanamwita Mtoto.

Mwaka 1985 alikwenda Marekani, mjini Houston, kushindana na wenyeji. Alijiandikisha kwa jina la Cesar Morales, maana sifa zake zilikwisha kuvuka bahari na alihofia kwamba watu wangekataa kucheza naye. Akashinda mashindano yale. Wamarekani wakabaki wakiulizana huyu Morales ametoka wapi.

Mwaka 1994 alishinda mashindano makubwa ya wazi ya Marekani ya mipira tisa, akiwa mtu wa kwanza asiye Mmarekani kuyashinda. Mwaka 1996, huko Hong Kong, alipambana na Mmarekani Earl Strickland katika mchezo mrefu wa siku tatu, wa kufikia michezo 120. Reyes alishinda kwa 120 dhidi ya 117, akachukua dola 100,000.

Sasa tazameni hesabu ya umri, kwa maana hapo ndipo penye habari. Mwaka 1999, huko Cardiff, alitwaa ubingwa wa dunia wa mipira tisa. Alikuwa na miaka 44. Mwaka 2004, huko Fujairah katika nchi za Ghuba, alitwaa ubingwa wa dunia wa mipira minane akiwa na miaka 49. Mwaka 2009 yeye na mwenzake Francisco Bustamante walishinda Kombe la Dunia la wachezaji wawili wawili, na hapo alikuwa na miaka 55. Katika mashamba mengi, mtu wa miaka 44 ameanza kuitwa mzee, na wa 55 anaonyeshwa njia ya kwenda nyumbani.

ANACHOKITAZAMA FUNDI

Yapo ambayo umri unamnyang'anya mchezaji. Macho hayaoni mbali kama zamani. Mgongo unalalamika kwa kuinama saa nyingi. Pigo la kwanza, lile la kutawanya mipira, linataka nguvu za kijana. Reyes hakuokolewa na misuli.

Mcheza biliadi mchanga hutazama mpira unaoingia shimoni. Fundi hutazama ule mweupe unaobaki, kwa kuwa mahali utakaposimama ndipo kazi inayofuata itakapoanzia. Mchezaji wa namna hiyo hapigi pigo moja. Anapiga la kwanza akiwa amekwisha kulifikiria la tatu na la nne. Ndiyo maana hahitaji nguvu nyingi, wala hakimbii kuizunguka meza.

Mwaka 1995, mjini Reno huko Marekani, Reyes na Strickland walikuwa sawasawa kwa michezo, na umebaki mmoja wa kumaliza ubishi. Mpira mweupe ukafichika nyuma ya mwingine, asiweze kuupiga kwa njia iliyonyooka ule wa namba 5 uliokuwa zamu yake. Akaupeleka mweupe kwenye kingo za meza, ukagonga hapa, ukagonga pale, ukaenda kuutumbukiza ule wa namba 5. Watu wanauita mchezo wake uchawi, na yeye mwenyewe wanamwita Mchawi. Mimi nauita elimu ya mtu aliyelala juu ya meza tangu utotoni.

Wakata ngazi wanaielewa elimu ya namna hii. Kijana mwenye nguvu huangusha mikungu mingi kwa siku. Lakini mkungu mbichi hauna mafuta ya kutosha, na ulioiva kupita kiasi hutoa mafuta yenye ukali. Mzee hutazama kwanza chini ya mchikichi, akaona ngazi zilizojidondosha zenyewe, ndipo akajua kama siku ya kukata imefika. Ngazi zilizopondeka huharibika upesi, kwa hiyo hazitupi ovyo, wala haziachi shambani zikingoja. Mambo hayo hayaonekani kwenye daftari la kapita, kwa maana daftari huhesabu mikungu. Yanaonekana mafuta yanapopimwa.

MCHIMBA MAKAA MWENYE GLOVU NYEUPE

Reyes si wa peke yake. Alikuwako Ray Reardon wa Wales, mfanyakazi kama sisi. Alizaliwa mwaka 1932, na alipofikia miaka 14 akaingia mgodini kuchimba makaa ya mawe kama baba yake. Humo shimoni alivaa glovu nyeupe ili kuitunza mikono yake, kwa kuwa tayari alikuwa akicheza snuka, ndugu wa biliadi unaochezwa juu ya meza kubwa zaidi. Siku moja miamba ilianguka ikamfukia kwa saa tatu, asiweze kujisogeza. Aliokolewa akiwa mzima. Baadaye aliacha mgodi, akawa polisi, na mwaka 1967, akiwa na miaka 34 au 35, ndipo alipoufanya mchezo kuwa kazi yake.

Mtu huyo aliyeanza kwa kuchelewa alikuwa bingwa wa dunia mara sita kati ya mwaka 1970 na 1978. Mara ya mwisho alikuwa na miaka 45. Alipofikisha miaka 49 alifika tena fainali ya dunia, mwaka 1982, akashindwa na Alex Higgins kwa 18 dhidi ya 15.

Na alipozeeka zaidi hakutupwa. Mwaka 2004 alimfundisha Mwingereza Ronnie O'Sullivan, na mwaka ule ule O'Sullivan akawa bingwa wa dunia. Mwaka 2022 mwanafunzi huyo alitwaa ubingwa tena akiwa na miaka 46, akaivunja rekodi ya umri ya mwalimu wake. Reardon alikuwa hai kuyaona hayo. Alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 91. Kule, ujuzi wa mzee haukumwondolea kijana mkate wake. Ulimwongezea.

BINGWA NAYE HUCHELEWESHEWA JASHO LAKE

Ndugu zangu, lipo jingine ambalo mfanyakazi atalitambua mara moja. Mwaka 2006, mjini Reno, Reyes alishinda mashindano ya mipira minane yaliyokuwa na zawadi ya dola 500,000, kubwa kuliko zote zilizokuwa zimewahi kuwekwa katika mchezo huo. Alikuwa na miaka 52. Magazeti yakapiga picha, watu wakapiga makofi. Kisha kampuni iliyoandaa mashindano ikawaambia wachezaji kwamba haiwezi kuwalipa zawadi zao zote kwa mara moja. Wakaanza kulipwa vipande vipande, na mashindano yale yakafa.

Fikirini: mtu anayeitwa Mchawi, asiyeshindwa na mpira uliojificha, anashindwa kulipata jasho lake kwa siku yake. Ufundi haukumsaidia. Kila mchezaji alikuwa amekuja na fimbo yake, peke yake. Wanaodhani kwamba hodari hahitaji chama, na walisome hilo mara mbili.

ALIBADILISHA MCHEZO, HAKUIACHA MEZA

Reyes wa leo hashindi kila kitu, na anayesema hivyo anawadanganyeni. Vijana wa Ufilipino, wengi wao waliokua wakimtazama, sasa wanamshinda katika mipira tisa. Lakini mwaka 2019, katika michezo ya nchi za kusini mashariki ya Asia, alipata nishani ya shaba akiwa na miaka 65. Aliipata katika biliadi ya meza isiyo na mashimo, ambayo humtaka mchezaji ajue mpira utakavyogonga ukingo na kurudi. Hapo nguvu ni kidogo na akili ni nyingi. Mwaka 2022, akiwa na miaka 67, alikuwa tena Hanoi akiichezea nchi yake. Na mwaka 2024 lilianzishwa kombe la Asia na Ulaya lenye jina lake, likachezwa Manila, naye akaongoza kikosi cha Asia.

Hilo ndilo ninalotaka tulishike. Mwili wa mzee si mwili wa kijana, na chama hakitasema uongo juu ya jambo hilo. Mtu wa miaka 58 hapaswi kubeba mikungu mizito akipanda kilima kama mwanawe. Lakini kati ya kumpa mzigo wa kijana na kumfukuza ipo njia ya tatu: kumpa kazi inayotaka ujuzi wake. Na achague ngazi zilizoiva. Na awafundishe wapya. Kiwandani, na asikilize mashine ambayo kijana hajajua kilio chake. Kazi hizo ni kazi kamili, zilipwe mshahara kamili.

TUFANYE NINI

Kwanza, mwanachama yeyote anayeambiwa kwa mdomo kwamba amezeeka, asiondoke kwa mdomo. Aombe barua, na siku hiyo hiyo awape habari viongozi wa tawi.

Pili, tunzeni karatasi za mshahara na kadi za INSS. Fedha zinazokatwa kwenye mshahara ni akiba ya siku za uzee. Hakikisheni kwamba zimefika na kwamba majina yenu yameandikwa sawasawa. Ndugu zetu vibarua, ninyi ndio hasa mnaosahauliwa. Ulizeni mapema mkiwa bado na nguvu za kuuliza.

Tatu, vijana, msikubali kutumiwa kama panga la kuwakatia wazee. Nafasi unayopewa leo kwa kumfukuza mwenzako bila haki, kesho atapewa mwingine kwa namna hiyo hiyo. Uzee haumkwepi mtu, huja hata kwa aliyeitwa Mtoto.

Habari ya mzee wetu wa Magara haijakwisha. Tawi limemwandikia mwajiri barua, tukaomba apewe kazi ya kuchagua mikungu na kuwafundisha wakataji wapya, bila kupunguziwa mshahara. Bado tunangoja jibu. Jibu likija, atakwenda kulisikiliza pamoja na viongozi wa tawi, na wawili kati ya vijana wale waliomcheka mezani wameomba wenyewe kuandamana naye.

Umoja ni nguvu.