Mchezo wa treni unaomfundisha mtoto kusubiri zamu

Ikwiriri haina reli. Watoto wengi wa hapa huijua treni kwa kuiona kwenye simu ya mzazi, hasa tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024.

Lakini makopo, kandambili zilizochakaa na vifuniko vya soda havikosekani uani. Vinatosha kuunda treni mbili, na pia kupunguza kilio kinachosikika kila jioni: “Mama, kaka kaninyang’anya gari langu!”

Huko Marekani na Ulaya, watu wazima hujenga reli ndogo nyumbani, kisha hukutana kuziendesha kama za kweli. Yupo dereva, yupo stesheni masta, yupo anayeamua treni ipi ipite kwanza. Frank Ellison wa New Orleans, aliyeandika kuhusu mchezo huo miaka ya 1940, aliufananisha na maigizo: reli ni jukwaa, treni ni waigizaji. Reli yake aliiita Delta Lines. Watoto wa Rufiji, wenye delta yao, nao wanaweza kuwa na ya kwao.

Namna ya kucheza

Chora mstari mmoja mchangani. Weka stesheni nne: Kibiti, Ikwiriri, Nyamwage na Somanga. Kati ya Ikwiriri na Nyamwage weka ubao uwe Daraja la Mkapa. Kila stesheni iwe na njia ya pembeni ya kupishana.

Kisha andaa vijiti vitatu, kimoja kwa kila kipande cha njia. Treni haitoki stesheni bila kijiti cha kipande kilicho mbele yake. Reli nyingi za njia moja duniani zimetumia kanuni hii ili treni mbili zisikutane uso kwa uso.

Sasa treni ya korosho inatoka Somanga, ya samaki inatoka Kibiti. Zote zinataka kuvuka daraja, na kijiti ni kimoja. Nani apite?

Hapa mzazi asiharakishe kujibu. Awaache wajadiliane. Korosho inaweza kungoja, samaki ataoza. Kaka mkubwa mwenye treni ndefu atajikuta akimpisha mdogo wake, na si kwa sababu amegombezwa, ila kwa sababu ameona mwenyewe kwamba ndivyo inavyofaa. Hakuna mshindi: mizigo yote ikifika, wote wamefaulu.

Mambo ya kuzingatia

Wabadilishane kazi. Aliye mdogo naye apewe zamu ya kutoa vijiti, ili wakubwa wazoee kumsikiliza.

Kingo za makopo zikunjwe kwa nyundo, na kazi ya kukata bati aifanye mtu mzima. Mchezo uchezwe uani, mbali na barabara ya Kilwa.

Babu au bibi akiwepo, aketi nao. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka Mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na foleni ilikuwa jambo la kawaida. Wazee wanajua maana ya kungoja zamu.

Mchezo ukiisha, vijiti vihifadhiwe ndani. Kesho watoto wakigombania baiskeli, mzazi anaweza kuuliza swali moja tu: “Kijiti kiko kwa nani?”