Tukirudi Kigoma, Tukae Wapi?

"Mama, kwa nini bibi anasema turudi nyumbani, wakati nyumbani ni hapa?" Swali hilo la kitinda mimba wetu, tukiwa bado Uingereza, ndilo lililotufanya tuache kusema "mwakani" na kuanza kufunga mizigo. Tulikuwa tumekaa huko miaka kumi na miwili. Baba watoto ni mzaliwa wa Ujiji, na upande wa mama ni Kasulu, kwa hiyo juu ya Kigoma hatukubishana. Tulibishana juu ya mahali penyewe pa kujenga.

Baba watoto alitaka nyumba inayotazama ziwa. Hatukumlaumu. Ni nani aliyewahi kusimama Bangwe jioni, jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, asitamani kibaraza hapo? Basi tukamtumia ndugu fedha, kiwanja kikanunuliwa upande wa Kibirizi, msingi ukasimama. Picha zilizotufikia zilikuwa za kupendeza. Hazikuonyesha kwamba kutoka msingi hadi majini ni hatua chache tu, wala sisi hatukuuliza.

Mwaka 2020 maji ya ziwa yakaanza kupanda. Mwaka 2021 shangazi akapiga simu: wavuvi wanafunga mitumbwi kwenye nondo zetu. Zile zilikuwa fedha za zamu za usiku za miaka mitatu, akina mama wenzetu. Nyumbani mwetu kulikuwa kimya kwa wiki nzima, na kimya hicho kilikuwa kibaya kuliko ugomvi.

Wazee wa Ujiji hawakushangaa. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo. Katika miaka ya 1870 lilipanda sana hadi likapasua njia ya mto huo, kisha likashuka. Mwaka 1964 lilipanda tena na kuwasumbua watu wa pwani yote. Baadaye tulijifunza pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa hiyo hata kama maji yasingekuja, tungekuwa na kesi ya kujibu.

Tuliporudi mwaka 2022 tulikata shauri kupanga kwanza. Tulikaa Mwanga mwaka mzima, katika nyumba ya vyumba vitatu isiyo na dari jikoni. Jamaa walicheka: watu wa Ulaya wanapanga! Lakini mwaka ule ulitufundisha mengi ambayo hakuna picha ingetufundisha. Mwezi wa kwanza tu mtoto wa pili aliugua malaria, tukajua umbali halisi wa hospitali ya Maweni ukiwa na mtoto mwenye homa mgongoni usiku wa manane. Tukajua bomba linatoka siku zipi na mtaa gani unanunua maji ya ndoo. Tukajua kwamba maji ya ziwani, hata yakiwa meupe kama kioo, lazima yachemshwe, maana kipindupindu si mgeni katika vijiji vya pwani. Umeme ulikuwa nafuu kidogo, kwa kuwa mwaka huohuo mkoa ulianza kuunganishwa na gridi ya Taifa baada ya miaka mingi ya jenereta za dizeli.

Mama mkwe alitaka tuhamie uani kwake Ujiji. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko maji ya ziwa. Tunampenda Ujiji: miembe yake, majirani wanaotuletea pilau siku ya Idd nasi tukawapelekea Krismasi, Kiswahili kitamu ambacho watoto walikiokota barazani kwa miezi mitatu kuliko miaka yote tuliyowafundisha mezani. Lakini ua ule una familia nne na choo kimoja, na kila uamuzi, tangu chumvi ya mboga hadi ada ya shule, hupitia kwa watu wazima saba. Kasulu nako kuna ardhi nzuri na ubaridi unaofanana na tulikotoka, ila kazi ya baba iko mjini, na hatukurudi ili tuonane Jumamosi tu.

Mwishowe tulipata kiwanja mlimani, kando ya njia ya Ujiji. Safari hii tulikwenda wenyewe, masika, mvua ikinyesha, tuone maji yanapita wapi. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha ofisi ya ardhi ya manispaa, na hati imeandikwa majina yote mawili. Mama mwenzetu, usione haya kulidai jambo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, lakini jina lililoandikwa halihitaji kutetewa na mashahidi.

Kumweleza mama mkwe hakukuwa rahisi. Tulikwenda pamoja, tukapiga goti, tukamwambia kuna chumba chake chenye dirisha linalotazama Ujiji. Hakujibu. Baada ya wiki mbili alishuka kwenye daladala na godoro lake, akamsalimia jirani kwa Kiha, "Mwakeye", akauliza jiko liko wapi.

Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena. Jumapili jioni tukienda Kibirizi kununua migebuka, watoto huwaonyesha wenzao nondo zenye kutu zinazochungulia majini. "Pale," husema kitinda mimba, "ndipo kilipokuwa chumba changu."